Jina Ndani ya Tenga

Tenga lililokuwa juu ya rundo lilikuwa tupu, lakini wapagazi wawili walishindwa kulishusha.

"Mmetia mawe humu?" mmoja aliwauliza wanawake, huku akifuta jasho.

"Tumemtia mkeo," Chausiku alimjibu bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Mshushe polepole, amelala."

Banda zima lilicheka. Isaka, mnyapara, hakucheka. Alisogea, akafungua mfuniko na kuchungulia. Hamkuwa na kitu. Kulikuwa na harufu tu, harufu ya matope na majani yaliyoozea majini, na wakati ule ulikuwa wa kiangazi, vumbi la Korogwe limetua juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa. Isaka akarudishia mfuniko. Wapagazi wakashika tena, na safari hii tenga likaja jepesi kama kapu la pamba, wote wawili wakaanguka nalo kinyumenyume.

Watu wakacheka zaidi. Stefania peke yake ndiye aliyeacha kusuka. Tenga lile lilikuwa la mkono wake, naye alijua maneno aliyolisemea.

Huo ulikuwa mwaka 1944, wakati wa vita vya Mjapani. Serikali ya Mwingereza ilitaka matenga. Amri ilishuka kwa mazumbe, machifu wa Handeni, kwamba kila kijiji kitoe wasukaji, nao wakaletwa kwa lori hadi Kilole, pale Korogwe, karibu na reli, kwenye banda lililokuwa la kuwekea katani. Tenga la Serikali halikuwa kama lile la nyumbani la kubebea kuku. Lilikuwa na ukubwa wa kumwezesha mtu kukaa ndani akikunja magoti, lina mfuniko wa kufungwa kwa kamba pande zote, na pembe zake zilisukwa mara mbili ili lisipasuke likianguka.

Lianguke kutoka wapi, Serikali haikuwaambia wanawake. Aliyewaambia ni dereva wa lori.

"Linatiwa mchele na nyama ya kopo," alisema, akiwa ameegemea mlango wa banda. "Linapandishwa ndege. Ndege ikifika juu ya msitu wa Burma walipo askari wetu, wanalisukuma nje. Vijana wanaokota, wanakula. Njia ya gari huko hakuna."

Stefania aliinua kichwa. "Askari wetu wa Keya?"

"Hao hao, mama."

Stefania alikuwa mjane kutoka Kwamsisi, huko huko Handeni. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Gregori, na Gregori alikuwa Burma na Keya, jeshi la Waafrika la Mwingereza. Tangu apande meli hakuna neno lake lililofika. Kila asubuhi kabla ya kazi Stefania alipiga magoti nyuma ya banda, akamwomba Mungu kitu kimoja, kwamba kijana arudi. Hakuomba kingine.

Sasa, kwao Kwamsisi tenga halisukwi hivi hivi. Msukaji akilaza fito mbili za kwanza, moja juu ya nyingine, kabla hajaongeza ya tatu, hutaja jina la mtu atakayelitumia. Hapo kitako kimewekwa. Tenga likiisha, mwenye jina huja mwenyewe, hutia mkono ndani mpaka chini, akasema, "Nimepokea." Jina lake limemrudia, naye huondoka na tenga lake. Kama mtu huyo amesafiri, au amekufa kabla kazi haijaisha, msukaji hulifumua mpaka kwenye zile fito mbili, akazitenganisha. Jina haliachwi ndani ya tenga bila mwenyewe. Hawakuuliza kwa nini. Walifundishwa hivyo na mama zao, Wakristo na Waislamu sawasawa.

"Haya ya Serikali hayana mtu," Chausiku alikuwa amewaambia wenzake siku ya kwanza. "Weka kitako unyamaze. Lisilo na jina, hakuna wa kulidai."

Wote walinyamaza, na Stefania pia alinyamaza, mpaka siku ile dereva aliposema habari za ndege. Alasiri ile alilaza fito zake mbili, akainama kama mtu anayepuliza vumbi, akasema chini ya pumzi, "Hili la Gregori wangu. Limfikie."

Moyo wake ukatulia kwa namna ambayo haukuwa umetulia kwa muda mrefu. Hakuona dhambi. Alijiambia kwamba ni sala kama sala nyingine, ila hii ina mikono. Basi kila tenga aliloanza baada ya hapo alilisemea maneno yale yale, na malori yakaja, yakachukua, treni likapeleka Tanga, na Stefania akawa anayaona moyoni yakishuka kutoka mawinguni, moja baada ya jingine, na kijana wake chini ameinua mikono.

Baada ya siku ile ya wapagazi, mambo yalianza kusikika.

Kwanza ilikuwa milio. Fito mbichi hulia zinapokauka, kila msukaji anajua. Lakini mlio huu ulikuwa ule wa tenga lililokaliwa, mtu anapohamisha uzito kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Na ulisikika kwa wakati wake. Chausiku alikuwa na mazoea ya kumwita rafiki yake kwa sauti kutoka upande wa pili wa banda, kama ilivyo desturi ya kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake.

"Mama Gregori! Nirushie kamba!"

Na kwenye rundo, kriii.

"Panya," alisema Isaka.

"Mama Gregori," Chausiku akaita tena, polepole, akilitazama rundo.

Kriii.

Chausiku aliweka kazi yake chini. Hakufanya mzaha tena siku ile. Jioni, walipokuwa wakiosha vyombo, alimsogelea Stefania mpaka mabega yakagusana.

"Dada, niambie kweli. Umeyasemea?"

Stefania aliendelea kusugua sufuria.

"Umemtaja mtoto? Yuko ng'ambo ya bahari, hawezi kuja kutia mkono, na wewe umemtaja?"

"Nilitaka limfikie tu."

"Mangapi?"

"Yote," alisema Stefania. "Yote niliyosuka tangu wakati ule."

Chausiku alitazama upande wa stesheni, yalikopelekwa mengi ya matenga hayo.

Kesho yake, jua lilipokuwa utosini, wanawake walitoka kula nje kwenye kivuli cha ukuta. Stefania alibaki ndani amalize kufunga mfuniko mmoja. Kulikuwa kimya, joto la mabati limekaza, na nje alisikia wenzake wakigawana muhogo. Alivuta kamba, akafunga fundo la mwisho, na alipokuwa anatafuta kisu cha kukatia ncha ndipo ile harufu ya matope ilipomjia usoni, mbichi na baridi, kama mtu amefungua mlango wa nyumba iliyojaa maji, akainua macho kwenye rundo na kuona mfuniko wa tenga moja ukiwa umeinuka kiasi cha upana wa kiganja, na katika uwazi ule giza lililokuwa jeusi kuliko giza la ndani ya tenga lolote alilopata kuliona, na kutoka katika giza lile sauti ya mwanamume kijana, sauti aliyoinyonyesha na kuilea na kuisindikiza hadi kwenye lori la askari, ikasema kwa adabu, "Nimepokea, mama."

Mfuniko ukashuka.

Alitaka kusema Baba Yetu, akaanza, akapotea katikati, yeye aliyeisema tangu utoto. Mwisho alifanya jambo ambalo mama tu angelifanya. Alitambaa hadi kwenye lile tenga, akafungua, akatia mkono mpaka chini. Kitako kilikuwa na joto, kama mahali mtu alipolala akaondoka sasa hivi.

Habari ilienea bandani kabla jua halijashuka. Wanawake wawili walitoroka kurudi Handeni kwa miguu. Isaka aliwafokea waliobaki, akawatishia jela, akasema kwamba yeye ni Mkristo na hana haja na ushenzi. Lakini asubuhi iliyofuata alimwita Stefania pembeni, na uso wake ulikuwa umenyauka.

"Mama Gre..." akajikatiza. "Mama. Jana niliingia kuhesabu mzigo. Tenga moja liliniambia, 'Shikamoo mzee Isaka.' Mimi sijamwambia mtu yeyote hapa kwamba mwanao alikuwa akinisalimia hivyo stesheni."

"Ulimjua?"

"Alinisaidia kubeba mizigo kabla hajaandikishwa. Kijana mzuri." Isaka alitazama barabarani. "Karani wa Serikali anayesimamia banda amekwenda Tanga. Mkimjua mtu wa kuliondoa hili, mleteni kabla hajarudi. Mimi nitakuwa sikuona."

Chausiku ndiye aliyemjua mtu. Alipanda lori la Lushoto, akashuka Mombo, akarudi na mwanamke mnene wa makamo aitwaye Amne, aliyekuwa akiuza maandazi pale malori yanaposimama, na siku nyingine akiwatoa majini waliopanda watu. Amne alifika na chetezo ndani ya ndoo ya maandazi.

"Nani mwenye mgonjwa?" aliuliza.

"Si mgonjwa," alisema Chausiku. "Ni matenga."

"Matenga!" Amne akaangua kicheko. "Nimewatoa kwenye watoto, kwenye mke wa polisi, hata kwenye ng'ombe wa Mkwavi mmoja. Matenga, bado." Lakini alipovuka kizingiti alinusa, kicheko kikamwisha. "Funga mlango," akasema kwa sauti ndogo. "Na asitajwe mtu kwa jina."

Aliwasha ubani, akakaa chini mbele ya rundo, akasoma kwa muda mrefu. Moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni, ukaingia kwenye matenga kupitia nafasi za fito, kama unavutwa.

"Wewe nani?" Amne aliuliza.

"Gregori, mwana wa Stefania." Neno la kwanza lilitoka kwenye tenga la chini kushoto, mengine yalitoka kwenye la juu kulia, na sauti ilikuwa moja.

"Mwongo. Mwenye jina hilo yuko vitani."

"Aliitwa, hakuja. Mimi nilikuwa napita, nikaja."

"Unataka nini?"

"Nilichopewa. Jina. Na mama."

Stefania alitoa mlio. Chausiku akamziba mdomo kwa kiganja.

"Toka humu," alisema Amne. "Kwa jina la Mola aliyekuumba, toka."

"Nitatoka. Nilitumwa nifike mahali." Matenga yote yakalia kwa pamoja, kriii, kama watu wengi wanaosimama. "Mama alisema nimfikie."

Amne hakungoja zaidi. Aliagiza matenga yote ya mkono wa Stefania yaliyobaki bandani yafumuliwe, na Isaka, aliyesema hataona, alikuwa wa kwanza kuchukua panga. Walikata, wakafumua mpaka vitakoni, na Stefania mwenyewe akatenganisha zile fito mbili za kila tenga, vidole vikimtoka damu, huku akilia bila sauti. Walipotenganisha za mwisho, harufu ilikatika. Banda likarudi kunuka katani na jasho, harufu ya kila siku, na wanawake wakaanza kukumbatiana.

Amne hakumkumbatia mtu. Alikuwa anarudisha chetezo ndani ya ndoo.

"Hapa nimemtoa," alimwambia Stefania. "Hamtasikia kitu tena hapa. Lakini yale yaliyopanda treni sina mkono wa kuyafikia."

"Atakwenda kwa mwanangu?"

"Ulimtuma mwenyewe, dada yangu."

"Nifanye nini?"

Amne alimtazama kwa huruma. "Sikiliza. Jina amelichukua tu, hajapewa. Usilitaje tena, hata ukiwa peke yako. Siku utakayomwita nalo na kumkaribisha, hapo utakuwa umempa kwa mdomo wako, na halitarudi."

"Na mwanangu?"

"Jina ulilolisemea kwenye kitako halikai kwa wawili," alisema Amne. "Mmoja atabaki hana."

Alikataa malipo. Alichukua ndoo yake, akaenda kungoja lori.

Ndipo Stefania alipoanza maisha ya kufunga mdomo. Aliwaomba wenzake wasimwite tena mama wa mtu, wamwite Stefania tu, na aibu ya ombi hilo ilimkaa usoni, maana mwanamke anayekataa kuitwa kwa jina la mtoto wake ni kama anayemkana. Kanisani, Jumapili, Padre alikuwa akiwataja vijana walioko vitani mmoja mmoja, na mama zao wakiitikia. Stefania alimfuata baada ya ibada, akamwomba mtoto wake asitajwe.

"Mna ugomvi?" Padre aliuliza.

"Hapana, Padre."

"Mungu anawajua wote hata tusipowataja," alisema Padre, kwa upole, bila kuelewa.

"Ndiyo, Padre. Anawajua."

Akawa anapiga magoti asubuhi na kumwombea mtoto asiye na jina. Alisema "yule wangu." Alisema "yule uliyenipa." Usiku mwingine aliamka akijishika mdomo kwa mikono miwili, akihofu alichokisema usingizini. Vita viliisha, watu wakaimba barabarani, naye hakujua kama aimbe.

Mwaka 1946, akiwa amerudi Kwamsisi, zumbe alimtumia habari kwamba kijana wake yu hai na atashuka Korogwe kwa treni la kutoka Moshi. Ameumia, mjumbe alisema, lakini anatembea. Stefania alianguka kifudifudi palepale uani, akamshukuru Mungu mpaka udongo ukaloa.

Siku hiyo stesheni ilijaa. Treni liliposimama, wanawake walianza kuita. "Dunstan! Dunstan wee!" "Eliasi, baba, huku!" Na kila aliyeitwa aligeuka, akatupa mzigo, akakimbia. Stefania alisimama karibu na tangi la maji, ameuma kanga yake.

Alimwona akishuka wa mwisho. Alikuwa amekonda, yumo ndani ya koti la jeshi, na machoni amefungwa kitambaa. Alishuka ngazi za behewa bila kupapasa kwa mguu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mbele kidogo, kama wa mtu anayeongozwa, na mbele yake hapakuwa na mtu. Alisimama. Akageuza uso upande huu, akageuza upande ule, anasikiliza. Wenzake waliitwa wakaisha. Yeye aliendelea kusikiliza.

Stefania alikimbia, akaushika mkono wake wa kulia.

"Mama?" Kijana aliinamisha uso kwake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, baba yangu."

"Mbona hukuniita? Nimesimama nangoja. Wote wameitwa."

"Machozi yalinizuia."

"Ndivyo alivyoniambia somo yangu. Alisema, mama yako yule pale, amejiziba mdomo."

Stefania alitazama kando ya kijana. "Somo yako nani?"

"Huyu." Aliinua mkono wa kushoto kidogo. Vidole vilikuwa vimefumbata hewa, na ngozi yake ilikuwa imebonyea na kuwa nyeupe, kama ngozi inayobanwa na vidole vingine. "Jina letu moja. Bomu liliponipofusha, wenzangu walidhani nimekufa, wakaniacha. Nililala kwenye matope sijui siku ngapi. Nikasikia ndege, nikasikia tenga linaanguka karibu yangu. Nikatambaa kwa kupapasa mpaka nikalifikia, nikakata kamba kwa meno. Hamkuwa na mchele, mama. Alikuwa yeye. Akaniambia ametumwa anifikie. Akanibeba mgongoni mpaka kwa wazungu wa hospitali, na tangu hapo hajaniachia mkono hata mara moja, nikilala ameushika, nikila ameushika, na nikimwambia pumzika kidogo, somo, anacheka tu, anasema atapumzika tukifika kwa mama."

Harufu ya matope ilikuwa imejaa stesheni nzima. Wapitao waliziba pua wakitazama nyayo zao.

"Twende nyumbani," Stefania alinong'ona. "Mimi na wewe. Mimi nitakuongoza."

"Na yeye pia, mama. Hana kwao." Kijana alikunja uso ghafla. "Mkaribishe. Anangoja umkaribishe."

"Mwanangu, sikiliza..."

"Mama, mkaribishe, ananibana." Vidole vya mkono wa kushoto viligeuka rangi, vikawa vyeusi kwenye ncha, na mfupa mmoja ukalia. Kijana aliyekuwa amepona bomu akapiga magoti kwenye changarawe ya reli, akalia kama alivyolia alipokuwa mdogo. "Mama, mwite. Mwite kwa jina lake, ananivunja."

Stefania alitazama huku na huku. Alimtafuta Padre, alimtafuta Amne, alimtafuta Mungu juu ya paa la mabati la stesheni. Mfupa wa pili ukalia.

"Karibu," alisema. "Karibu nyumbani, Gregori."

Mkono wa kushoto ukaachiwa. Uliangukia pajani. Nyuma ya mgongo wa Stefania, karibu sana na sikio, mtu alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyefika.

Kijana alibaki amepiga magoti. Hakugeuka kwa kusikia jina lile, wala uso wake haukuonyesha kwamba amepata kulisikia. Alipapasa hewani mpaka akaushika upindo wa kanga.

"Mama," aliuliza polepole, "na mimi utaniita nani?"